Watu wa Scilli na Ushuru wa Kaisari

Mara nyingi tumewasikia Wakristo wakishindana juu ya neno hili: mtu aliyejitoa kwa Mungu ana wajibu gani kwa serikali ya nchi yake? Wengine hunena ya kuwa mambo ya baraza na kodi ni mambo ya dunia, wala hayampasi mtu anayeungojea mji wa mbinguni. Wengine huyashika mambo hayo kwa bidii nyingi, lakini siku wanapoingia barazani imani yao huiacha mlangoni pamoja na viatu. Sisi twaona ni afadhali tuwaulize kwanza wale waliotutangulia. Nao hawako mbali sana, maana waliishi katika bara letu hili, upande wa kaskazini, na baadhi yao walikuwa watu wa mahali padogo kama sisi.

Katika siku zile nchi ambayo leo ni Tunisia, pamoja na sehemu ya Aljeria, ilikuwa jimbo la dola ya Rumi, na jimbo hilo liliitwa Afrika. Ndilo jina ambalo baadaye lilienea hata likawa la bara zima. Mji wake mkuu ulikuwa Carthage, kando ya bahari, karibu na mahali ulipo Tunis sasa. Ilikuwa nchi ya mashamba. Ngano yake ilipakiwa merikebuni ikapelekwa kuulisha mji wa Rumi, na watu wake waliijua kodi kama walivyolijua jua na mvua.

Mwezi wa Machi mwaka 180 Kaisari Marcus Aurelius alikufa, na Commodus mwanawe akatawala peke yake. Miezi minne baadaye, tarehe 17 Julai, Wakristo wa Scilli waliletwa Carthage mbele ya liwali Saturninus. Scilli palikuwa mahali padogo mno hata leo hapajulikani palikuwa wapi. Waliohukumiwa walikuwa 12, wanaume 7 na wanawake 5. Majina ya wengine, kama Nartzalus na Cittinus, si ya Kirumi bali ni ya wenyeji. Habari za shauri lao ziliandikwa kwa Kilatini, nazo ni fupi. Mtu aweza kuzisoma zote kabla chungu hakijachemka. Katika maandishi yote ya Wakristo kwa lugha ya Kilatini ambayo tarehe yake yajulikana, hakuna ya kale kuliko hayo.

Tukisikia habari za mashahidi wa imani, mara twamdhania liwali kuwa mtu mkali mwenye kiu ya damu. Huyu hakuwa hivyo. Ni kweli ya kuwa ndiye liwali wa kwanza katika jimbo lile kuwaua Wakristo kwa upanga, lakini katika shauri hili alinena kwa upole. Aliwaambia ya kuwa Kaisari yu tayari kuwasamehe, wakirudi tu katika akili njema. Akasema ya kuwa Warumi nao ni watu wa dini, na dini yao ni nyepesi: huapa kwa roho ya Kaisari, na kumwombea afya yake, nao wafanye vivyo hivyo, waende zao.

Hapa msomaji aweza kuuliza: kuna ubaya gani? Kumwombea Kaisari afya hakukuwa vigumu kwa Wakristo, kwa maana walifanya hivyo kila walipokusanyika. Neno lililowashinda ni kile kiapo. Warumi waliamini ya kuwa kila mtu ana roho wake mlinzi, na yule wa Kaisari alitolewa sadaka kama wanavyotolewa miungu. Kuapa kwake ni kukiri ya kuwa juu ya Kaisari hapana mwingine wa kumhukumu. Kilikuwa kiapo cha maneno machache tu, na twafikiri hata liwali mwenyewe hakukiwaza sana. Kwake yeye kilikuwa adabu ya uraia na si zaidi.

Speratus, ambaye alikuwa msemaji wao, alijibu ya kuwa hawakumtenda mtu uovu wowote, wala hawakumlaani mtu, na walipotendwa vibaya walishukuru. Kisha alisema neno ambalo twaomba wasomaji walitazame kwa makini. Alisema ya kuwa haujui ufalme wa dunia hii kuwa bwana wake, bali humtumikia Mungu asiyeonekana kwa macho. Naye hakuiba kitu, na kila anunuapo kitu hulipa ushuru wake, kwa kuwa amjua Bwana wake, aliye mfalme wa wafalme wote.

Tazameni jinsi alivyoyaunga maneno hayo. Sisi tungetazamia aseme ya kuwa hulipa ushuru ingawa anamtumikia Mungu, kana kwamba mambo mawili yamewekwa katika mizani, huku Kaisari na huku Mungu, naye ajitahidi kuyasawazisha. Speratus hakunena hivyo. Alilipa ushuru kwa sababu alimjua Bwana wake. Nacho kiapo alikikataa kwa sababu iyo hiyo. Alikwisha kujitia mikononi mwa Mungu, na kutoka katika jambo hilo moja yalitoka yote mawili, fedha aliyoitoa sokoni pasipo kusukumwa na neno alilokataa kulitamka mbele ya upanga. Mtoza ushuru wa Scilli hakuwa na haja ya kumvizia mtu huyu njiani.

Mwanamke mmoja, Donata, alilieleza jambo hilo kwa maneno machache kuliko Speratus. Alisema ya kuwa Kaisari humpa heshima kama ipasavyo kumheshimu Kaisari, lakini hofu humpa Mungu peke yake. Alitenga heshima na hofu! Wako wataalamu walioandika vitabu vinene juu ya dini na serikali, wala hawakufika mahali alipofika mama huyu. Mwenzake Secunda alisema tu ya kuwa vile alivyo ndivyo atakavyo kuwa.

Liwali akawapa nafasi tena. Akauliza kama wataka muda wa kufikiri, nao wakakataa. Akawapa siku 30. Siku thelathini si kidogo. Sote twayajua mambo ambayo mtu angependa kuyatengeneza kwa siku thelathini: deni lisilolipwa, mtoto asiyepata wa kumlea, paa linalovuja. Nao si kwamba hawakuyapenda maisha yao. Lakini waliona ya kuwa neno lililo wazi namna ile halina la kufikiriwa, na atakayerudi nyumbani kufikiri amekwisha kuanza kuapa. Basi wakahukumiwa wauawe kwa upanga, wakamshukuru Mungu.

Kabla ya hukumu liwali aliuliza kuna nini katika kisanduku chao. Speratus akajibu ya kuwa ni vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Hatukuambiwa ni nyaraka zipi. Kama Waraka kwa Warumi ulikuwamo, basi ndani ya kisanduku kile, mbele ya macho ya liwali, ilikuwako sura ya 13 iwaagizayo Wakristo kuzitii mamlaka na kulipa kodi. Saturninus hakuomba asomewe.

Miaka 17 baadaye, mwaka 197, Tertullianus wa Carthage, mtu hodari wa maneno, aliandika kitabu cha kuwatetea Wakristo mbele ya watawala. Alieleza jinsi wanavyomwombea Kaisari maisha marefu na nchi amani, na jinsi wanavyokaa pamoja na watu wengine sokoni, merikebuni, jeshini na shambani. Mahekalu yakinung'unika ya kuwa mapato yao yamepungua, alisema, hazina ya serikali yapasa kuwashukuru Wakristo, kwa maana hulipa bila hila. Tertullianus alipenda sana kushinda katika mabishano, na pengine aliwasifu ndugu zake kupita kiasi. Lakini asingethubutu kulitaja jambo la ushuru kama watoza ushuru wa mji wake wangeweza kumcheka.

Kisha ulikuja mtihani wa namna nyingine, nao ulihusu karatasi. Mwaka 249 Decius akawa Kaisari. Dola yake ilikuwa katika hatari, naye aliona dawa yake ni watu wote waitolee miungu dhabihu. Kila mtu aliagizwa kutoa dhabihu mbele ya wasimamizi na kupata hati yenye sahihi yao. Hati zaidi ya 40 za namna hiyo zimeonekana katika mchanga wa Misri, nyingi zake katika kijiji cha Theadelphia. Moja ni ya mwanamke aliyeitwa Aurelia Ammonous, kuhani wa mungu wa mamba. Hata yeye ilimbidi kuleta ushahidi ya kuwa anaabudu miungu. Kwa hiyo amri ile haikuwataja Wakristo peke yao. Serikali ilitaka tu alama ya utii, na alama hiyo ilikuwa mvinyo kidogo na kipande cha nyama.

Katika Carthage mambo yalikuwa ya aibu. Cyprianus, aliyekuwa askofu wa mji, aliandika ya kuwa Wakristo wengi walikimbilia dhabihu kabla hawajakamatwa, hata wakubwa wa mji walipotaka kuwaahirisha mpaka kesho kwa sababu jua limekuchwa, waliomba wasiahirishwe. Wengine walijipatia njia iliyofichika zaidi. Walimpa afisa fedha, naye akawapa hati ya kuwa wametoa dhabihu, hali hawakutoa. Watu hao walijitetea ya kuwa mikono yao ni safi. Cyprianus aliona kosa lao ni dogo kuliko la wale waliotoa dhabihu kweli, lakini ni kosa, nao iliwapasa kutubu; kwa maana aliyekubali iandikwe ya kuwa amemkana Bwana, amemkana.

Nasi twaongeza neno letu. Mnunuzi wa hati alimkosea Kaisari pia, kwa kuwa alimharibu mtumishi wake kwa rushwa na kuijaza ofisi yake uongo. Alidhani amepata njia ya katikati, amwache Mungu na sehemu yake na Kaisari na sehemu yake. Lakini aliwaibia wote wawili. Speratus alilipa kilichopasa kulipwa, na kilichokatazwa alikikataa hadharani, ili liwali ajue anashughulika na nani. Kila msomaji anajua mahali ambapo hati ya kununuliwa yapatikana hata leo, wala si lazima tupataje.

Cyprianus mwenyewe alijificha katika dhiki ile, akiliongoza kanisa kwa barua, na wako waliomlaumu kwa hilo. Lakini kama mwaka 252 tauni kuu ilipouingia mji, na watu wakawa wanawatupa wagonjwa wao njiani, aliwakusanya Wakristo akawaambia ya kuwa kuwatunza watu wao wenyewe si ajabu. Wawatunze na wale waliowatesa. Matajiri walitoa fedha, maskini wakatoa kazi ya mikono. Mji uliodai damu yao miaka miwili kabla ndio waliouuguza. Tarehe 14 Septemba 258 Cyprianus alikatwa kichwa kwa amri ya liwali mwingine, naye aliagiza mwenye upanga apewe vipande 25 vya dhahabu.

Lakini tusidhani ya kuwa Wakristo wa siku zile walikuwa na shauri moja katika kila jambo. Tarehe 12 Machi 295, katika mji wa Tebessa, ulio katika Aljeria ya leo, kijana Maximilianus, mwenye umri wa miaka 21, aliletwa na Fabius Victor baba yake aandikwe askari. Alikataa kuvaa muhuri wa risasi ambao askari wapya walitiwa shingoni, akisema ya kuwa amekwisha kutiwa alama ya Kristo. Liwali Dion akamwambia neno gumu: hata miongoni mwa askari walio karibu na Makaisari wako Wakristo, nao watumika. Maximilianus hakuwahukumu ndugu hao. Alisema tu ya kuwa wao wenyewe wajua liwafaalo, lakini yeye ni Mkristo, wala hawezi kutenda uovu. Miaka 19 baadaye, mwaka 314, maaskofu waliokutana Arles waliamuru ya kuwa Mkristo atakayetupa silaha wakati wa amani azuiwe ushirika. Kati ya shauri la kijana yule na shauri la maaskofu hao, Wakristo wangali wakijadiliana mpaka leo, wala hatutaraji kuwapatanisha katika ukurasa huu.

Baba yake Maximilianus alikuwako barazani. Kazi yake mwenyewe ilihusu kuandikishwa kwa askari, na liwali alimtaka amshauri mwanawe; akajibu ya kuwa kijana ana akili zake, naye ajua limfaalo. Alikuwa amemshonea vazi jipya la kwenda nalo jeshini. Maximilianus alipofika mahali pa kuuawa alimwomba baba yake vazi lile ampe askari aliyeshika upanga. Mwanamke mmoja, Pompeiana, aliuchukua mwili wake akaupeleka Carthage, akauzika karibu na kaburi la Cyprianus. Fabius Victor akarudi nyumbani kwake akiwa na furaha, akimshukuru Mungu.