Fahamu Kasoro ya Kuzaliwa ya Mirija ya Mkojo kwa Mbwa

Mtoto wa mbwa anayevuja mkojo mfululizo tangu akiwa mchanga mara nyingi huadhibiwa au hutupwa kwa kudhaniwa kuwa hafundishiki. Hata hivyo, hali hiyo inaweza kuwa dalili ya kasoro adimu ya kimaumbile ijulikanayo kitaalamu kama ureta ektopiki, yaani mrija wa mkojo uliofungukia mahali pasipo pake.

Kwa kawaida, kila figo hutoa mkojo kupitia mrija mwembamba uitwao ureta, unaoumwaga ndani ya kibofu. Mkojo huhifadhiwa humo hadi mnyama anapolegeza msuli unaobana shingo ya kibofu. Kwa mbwa mwenye kasoro hii, mrija mmoja au yote miwili hukipita kibofu na kufungukia baada ya msuli huo, kwenye njia ya mkojo au ukeni. Hivyo, mkojo huvuja pasipo kizuizi.

Iwapo ni mrija mmoja tu wenye kasoro, ule wa pili huendelea kujaza kibofu. Mbwa wa namna hiyo hukojoa kama kawaida huku akiendelea kuvuja, jambo linalomfanya mfugaji aamini kuwa ni tabia mbaya tu.

Kasoro hii hugunduliwa zaidi kwa majike. Miongoni mwa aina za mbwa zinazoathirika zaidi ni Siberian Husky, Golden Retriever, Labrador Retriever, Newfoundland na Entlebucher wa Uswisi. Kwa Entlebucher, kasoro hiyo hurithiwa katika ukoo, na mbwa hupimwa kwa altrasaundi kabla ya kuruhusiwa kuzalishwa.

Madhara yake si harufu na unyevu pekee. Ngozi inayoloa mkojo daima huchubuka, vimelea huweza kupanda hadi kwenye figo, na mrija usiopitisha mkojo vizuri husababisha figo kujaa maji na hatimaye kushindwa kufanya kazi.

Uchunguzi hufanyika kwa altrasaundi, picha za CT Scan zinazotumia dawa ya kuonesha mirija, au kamera ndogo inayopitishwa katika njia ya mkojo. Tiba kuu ni upasuaji wa kuupandikiza mrija ndani ya kibofu. Pale mrija unapopita ndani ya ukuta wa kibofu, mwale wa leza huweza kutumika kuufungulia mahali panapostahili. Baadhi ya mbwa huendelea kuvuja kiasi baada ya tiba kwa sababu ya udhaifu wa msuli, na hupewa dawa za kuuimarisha.

Mfugaji anayeona dalili hizo anashauriwa kumfikisha mnyama kwa daktari wa mifugo mapema, asimpige wala kumnyima maji. Aidha, mbwa aliyethibitika kuwa na kasoro hii hapaswi kuzalishwa, hata baada ya kutibiwa, kwa kuwa upasuaji hauondoi kile anachoweza kurithisha watoto wake.