Ramani ya Kubeba Mwenyewe

Mji wa Alexandria, Virginia, ulianza kama miraba kwenye karatasi. Mwaka 1749 ekari 60 kando ya mto Potomac zilikatwa viwanja 84 vya nusu ekari, vikauzwa kwa mnada. Miongoni mwa waliouchora alikuwemo George Washington, kijana wa miaka 17. King, Duke na Prince ni mitaa ya tangu siku hizo, na ndiyo ninayopita hadi leo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilipoanza kuendesha teksi hapa miaka ya tisini, ramani ilikuwa kitabu. Tulikiita ADC, kifupi cha Alexandria Drafting Company, kampuni ya hapa hapa mjini. Abiria akitaja mtaa usioujua, ulifungua faharasa nyuma: jina la mtaa, namba ya ukurasa, kisha herufi na tarakimu ya mraba wake. Barabara ikifika ukingo wa karatasi, pembeni umeandikiwa ukurasa inapoendelea. Kurasa zangu za Duke Street na Seminary Road zilichakaa kuliko zote, kona zimekuwa nyeusi kwa vidole. Kitabu kile hakikuhitaji chaji wala mnara wa simu.

Kasoro yake ilikuwa kuzeeka. Makutano ya barabara kuu pale Springfield yalijengwa upya kuanzia 1999 hadi 2007. Daraja jipya la Woodrow Wilson nalo likafunguliwa kwa awamu, 2006 na 2008. Mwenye kitabu cha zamani alitafuta njia ambayo haikuwepo tena.

Februari 2005 ikaja Google Maps na ramani iliyokatwa vigae, yaani vipicha vya mraba vya pikseli 256 kwa 256. Kwenye hatua ya sifuri dunia nzima ni kigae kimoja. Kila ukisogeza karibu hatua moja, kigae kinagawanyika vinne, na ukifika hatua ya 16 vimepita bilioni 4. Hakuna simu ya kubeba vyote hivyo, kwa hiyo inaagiza vile tu unavyovitazama. Ukiingia maegesho ya chini ya ardhi, mtandao unakatika na kioo kinabaki kijivu.

Ufumbuzi mmoja ulitoka ng'ambo ya mto, Washington, kwa Development Seed, kampuni iliyozaa Mapbox mwaka 2010. Walibuni MBTiles: vigae vingi ndani ya faili moja la hifadhidata ya SQLite, kila kimoja kikitambulika kwa namba tatu, yaani hatua ya ukaribu, safu wima na safu mlalo. Dereva wa enzi ya ADC anauelewa mpango huo bila kufundishwa. Faili likishaingia kwenye simu, unakwenda nalo hata kusikofika mtandao.

Nyumbani Afrika Mashariki kazi ya kuchora imefanyika. Map Kibera ilianza Nairobi mwaka 2009. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wakipita mitaa inayofurika kurekodi nyumba na mitaro. Matunda yao yamo OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote. Lakini bodaboda aliyeishiwa bando hayaoni.

Nawaomba vijana mnaotengeneza programu za simu: kuhifadhi ramani kuwe kazi ya kwanza ya programu yenu. Msikombe vigae kwenye seva za OpenStreetMap, maana zinaendeshwa kwa michango na sheria zake zinakataza. Chukueni data yenyewe, mkate vigae vyenu, vya wilaya inayohitajika tu, ili faili liwe dogo. Kisha andikeni juu ya ramani tarehe iliyotengenezwa, mahali inapoonekana. Msafiri ana haki ya kujua umri wa ramani anayoiamini.