Vita vya Mpimbwe, 1880

Leo nataka kuwasimulia habari za vita vilivyopiganwa mwezi wa Juni mwaka 1880 katika nchi ya Wapimbwe, iliyo kati ya ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa. Nchi hiyo siku hizi imo katika Mkoa wa Katavi, kusini ya Mpanda. Vita vyenyewe havikuwa vikubwa, kwa maana vilikwisha upesi. Lakini habari zake zilifika Unguja, London na Brussels, na mtemi mmoja wa bara aliyekuwa na nguvu nyingi akapoteza kwa ajili yake urafiki ambao hakuupata tena.

Yafaa kwanza tujue hali ya nchi ilivyokuwa. Tangu mwaka 1860 hivi Unyamwezi ulikuwa umejaa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko Unyanyembe mtemi Mnywa Sele alitaka kuwatoza Waarabu wa Tabora ushuru wa bidhaa zao. Waarabu wakakasirika, wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa katika kiti chake. Mnywa Sele hakukubali. Alipigana miaka kadhaa, akifunga njia za misafara, mpaka alipokamatwa akakatwa kichwa mwaka 1865. Vita vya namna hii huzaa vingine. Simba, ambaye Stanley alimtaja kuwa ni mwana wa Mkasiwa, alikwenda kusini akajifanyia utawala wake mwenyewe, akawapiga majirani. Stanley alipopita pande hizo mwaka 1871 akielekea Ujiji, alikuta huko Mpokwa vijiji vitupu, wenyewe wamekimbia. Na mwaka ule ule Mirambo wa Urambo alianza vita vyake na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia kuu ya kwenda ziwani.

Kila mtemi wakati ule alikuwa na ruga-ruga, yaani vijana wa vita wenye bunduki za gumegume, ambao hawakulima, bali walikula kwa mateka. Jeshi la namna hiyo haliwezi kukaa kitako. Likikosa adui wa kweli, hutafutiwa mwingine.

Basi katika nchi hiyo wakaingia watu wa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwezi wa Septemba 1876 mfalme huyo aliwaita wataalamu Brussels, wakaunda chama cha kuweka vituo katika Afrika. Mwaka 1879 Kapteni Cambier akajenga kituo Karema, pwani ya ziwa. Taabu yao kubwa ilikuwa mizigo. Ng'ombe na punda hufa kwa mbung'o, na wapagazi ni ghali, tena hutoroka. Mfalme akafikiri kutumia tembo. Wakanunuliwa tembo wanne waliofugwa Bara Hindi, wakaletwa kwa meli, wakashushwa baharini karibu na Msasani, wakaogelea hata ufukoni. Mkubwa wa msafara alikuwa Kapteni Frederick Carter. Tembo wakakata nyika na mito bila kuogopa, lakini wakafa mmoja baada ya mmoja. Mmoja tu, jike aitwaye Pulmalla, ndiye aliyefika Karema mwezi wa Desemba 1879. Naye hakukaa sana akafa.

Carter, pamoja na mwenzake Cadenhead, aliondoka Karema mwezi wa Juni 1880 kurudi pwani. Njia yao ilipita Mpimbwe. Wakaingia katika boma la mtemi wa huko, wakapumzika kama desturi ya misafara. Wakati huo huo Mirambo na Simba walikuwa wameshikana mikono kuipiga nchi hiyo, na jeshi lao lilikuwa karibu.

Hapo ndipo kiini cha habari. Mgeni aliyelala ndani ya boma hawezi kusema kwamba vita si vyake. Miti ya ngome inamzunguka yeye kama inavyomzunguka mwenyeji, na aliye nje haoni ila bunduki zinazotoa moshi. Boma likashambuliwa. Cadenhead akaanguka kwa risasi, na Carter akauawa vile vile. Watu wengi wa msafara wakafa, wengine wakatawanyika porini. Majina ya Wazungu wale wawili yakaandikwa vitabuni. Majina ya wapagazi hayakuandikwa.

Waliosoma historia ya Scotland watakumbuka vita vya Philiphaugh, Septemba 1645, ambapo jeshi la Montrose lililompigania mfalme Charles lilishindwa na Leslie. Wengi katika jeshi lile walikuwa watu wa Ireland, nao waliuawa hata baada ya kuweka silaha chini, kwa sababu walijulikana kuwa ni wageni. Mpimbwe mambo yalikuwa kinyume: wageni waliuawa kwa kuwa hawakutambuliwa.

Au walitambuliwa? Mirambo alisema kwamba hakukusudia kuwaua. Daktari Southon, mmisionari aliyekaa Urambo, aliyapeleka maneno yake kwa Waingereza. Mimi naona maneno hayo yana nguvu. Mirambo alikuwa amefanya udugu wa damu na Stanley mwaka 1876, alimkaribisha Southon kwake, naye alitamani sana urafiki wa Waingereza ili apate njia ya biashara isiyopita mikononi mwa Waarabu. Kwa nini basi aivunje kazi yake mwenyewe? Lakini aliyewaacha ruga-ruga waingie bomani hawezi kuhesabu kila risasi, wala hawezi kuitoa shingo yake katika hatia yote.

Balozi wa Kiingereza huko Unguja, Bwana Kirk, hakuridhika. Waliouawa walikuwa raia wa Malkia Victoria. Urafiki wake na Mirambo ukapoa. Naye Seyyid Barghash akapeleka askari bara chini ya Mathews, wakafika Mamboya, ingawa Urambo hawakufika. Mirambo aliendelea kutawala na kupigana mpaka alipokufa mwezi wa Desemba 1884, na baada yake ufalme ule haukuwa na mtu wa kuushika kwa nguvu kama zake.

Kituo cha Karema kilidumu miaka mitano tu baada ya vita hivyo. Mwaka 1885 kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, kwa maana Leopold alikwisha geuza macho yake kuelekea Kongo. Huko Uele, kuanzia mwisho wa karne ile, maofisa wake walianza tena kazi ya tembo, safari hii kwa kuwakamata watoto wa tembo wa Kiafrika na kuwafunza.