Saa 20 kwa juma: mwanafunzi wa kwetu na kazi ya ugenini, tangu 1960

Mudogo wangu wa mwisho amekubaliwa na universite moja ya Ubelgiji. Barua ilifika katikati ya juma, na siku ya posho jamaa yote ilikuwa imejaa pa parsele yetu kule Kamalondo, bukari mu sahani, kila mutu na hesabu yake. Baba mudogo alikuwa anahesabia tikiti ya ndege. Mama alikuwa anahesabia kitu kingine. Aliuliza polepole, kama mutu anayeuliza bei: “Akifika, kazi ataipata mbio? Mu mwezi wa kwanza atatuma kidogo?”

Wote wakaniangalia mimi, juu mimi njo nilitoka wa kwanza mu nyumba, 2004, kwenda kusoma Durban. Siku ile sikujibu. Lakini najua wengi wenu mu hiki chama mumebeba ulizo lile lile, basi niruhusuni nianzie mbali kidogo.

Wazee wetu wa kwanza wa masomo ugenini hawakutafuta kazi, kazi njo iliwatafuta. Serikali ya ukoloni ilitaka makarani, waalimu wa shule ya msingi na wasaidizi wa daktari. Daktari mwenyewe Mukongomani haikumutaka. Lovanium ilifunguliwa 1954 kando ya Léopoldville, na universite yetu hapa Élisabethville 1956. Mwaka ule ule wa 1956 Thomas Kanza alimaliza Louvain, mlei wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya universite kule Ubelgiji. Siku ya uhuru, tarehe 30 mwezi wa 6, 1960, waliokuwa na diploma ya universite mu inchi nzima hawakufika 30.

Sasa angalieni hesabu ile ndogo ilifanya nini. Kati ya mwezi wa 4 na wa 5, 1960, Ubelgiji iliita meza ya duara ya mambo ya uchumi kule Brussels: madeni, hisa, makampuni, nani atashika nini kisha uhuru. Wakubwa wa siasa walikuwa mu kampeni, uchaguzi ulikuwa mulangoni. Wakatuma nani? Kwa sehemu kubwa, wanafunzi waliokuwa kule kule Ubelgiji. Joseph-Désiré Mobutu, aliyekuwa Brussels akijifunza na kutumika pa Inforcongo, alikuwa kati yao. Upande mwingine wa meza kulikaa watu waliozeeka mu mambo ya benki na makampuni. Siku chache mbele ya uhuru, Ubelgiji ikavunja Comité Spécial du Katanga, chombo ambacho kwacho serikali ingeshika sauti yenye nguvu mu Union Minière. Sisi watu wa Lubumbashi tunajua hasara ile inapima kilo ngapi. Siwahukumu vijana wale. Kazi iliwapita, na walipewa juu hakukuwa mwingine wa kuifanya.

Shikeni neno lile, “hakukuwa mwingine”, nitalirudilia.

Kisha uhuru ikaja miaka ya buruse. Ubelgiji, Ufaransa, na Moscow pia, ambako universite iliyofunguliwa 1960 ilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Mwenye buruse alitumika mu vakanse, anunue viatu na sahani za muziki. Wazee wa wakati ule, ukiwauliza juu ya kazi ya mwanafunzi, wanacheka.

Kicheko kile kilikatika usiku wa tarehe 11 kwenda 12 mwezi wa 5, 1990, wakati wanafunzi waliposhambuliwa mu kampus yetu ya UNILU. Ubelgiji ikadai uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, ushirikiano wa serikali hizi mbili ukavunjika, na buruse nyingi zikaenda nao. Gécamines nayo ilikuwa inaanguka: katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na 1993 hata tani 50,000 hazikufika. Baba aliyekuwa akilipia watoto masomo kwa mshahara wa Gécamines akabakia na kazi bila mshahara. Njo pale Balushois walianza kuangalia kusini. Apartheid iliisha 1994, na barabara ilikuwa wazi kwa mwenye mgongo mgumu: Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge.

Ile barabara niliipita na G3 yangu mu mfuko wa plastiki, isilowane.

Afrika ya Kusini ilikuwa na milango mbili. Wa kwanza, kibali cha masomo: sheria ya uhamiaji ya 2002 na kanuni zake inamuruhusu mwanafunzi wa universite atumike saa 20 kwa juma, si zaidi. Lakini kibali kinaomba bima ya afya na ushuhuda wa franga, na mwenye franga zile hatafuti kazi kwa nguvu vile. Mulango wa pili, karatasi ya mukimbizi. Mwanzoni wenye kuomba ukimbizi walikatazwa kutumika na kusoma kwa miezi ya kwanza, mpaka mama mmoja mjane wa Zimbabwe, aliyetaka mwana wake mwenye ulemavu asome, akapeleka serikali kortini. Mwezi wa 11, 2003, Mahakama Kuu ya Rufaa ikasema kwamba kuwakatalia wote kazi na masomo kunagusa heshima ya mutu. Nilifika miezi michache kisha pale. Nilisoma juu ya mama yule bila kumuona, na bado namushukuru.

Kazi niliyopata ni kulinda magari pa parkingi. Kizibao cha kung'aa, saa 11 ya mangaribi mpaka usiku mukubwa, mukono unaonyesha gari pa kuingilia, kisha unangojea randi mbili ao kicheko. Hakuna mshahara. Tena, kila siku tulikuwa tunalipa kwanza yule aliyetupatia nafasi, njo tunaanza kutumika. Mvua ikinyesha na magari yasipokuja, umelipa bure. Pembeni yangu kulikuwa mwalimu wa fizikia na ingenyeri wa migodi. Lugha pale ilikuwa Kiswahili cha kwetu, hata Warundi walikuwa wanakizungumza kwa masihara. 2006 Mahakama ya Katiba ikasema kwamba sheria ya 2001 ya kazi za ulinzi, inayotanguliza raia na wakaaji wa kudumu, haivunji Katiba, ila mukimbizi anaweza kuomba aruhusiwe kwa sababu nzuri. Usiku ule ingenyeri alisoma gazeti chini ya taa, akalikunja, akaenda kupokea gari iliyokuwa inaingia.

Mwaka wa pili nilianguka masomo mbili. Nilikuwa natumika zaidi ya saa 40 kwa juma.

Kilichonitoa pale hakikuwa barua za kuomba kazi. Niliandika nyingi, na jibu halikuja. Ni muuguzi wa kliniki moja aliyenisikia nikizungumza na mama wa Uvira mu kiti cha gari. Kesho yake aliniita nitafsiri: mugonjwa anasema Kiswahili, daktari anasema Kiingereza, mimi kati. Siku mbili kwa juma, mshahara mudogo lakini unajulikana. Nilianza kupita mitihani.

Baadaye nilisoma juu ya Jomo Kenyatta kule London mu miaka ya 1930. Hakuwa na franga. Alikuwa anasomea pa Malinowski, na kwa kula alikuwa anawapatia sauti yake wataalamu wa University College London waliochunguza matamshi ya Kikikuyu. 1935 alitokea pia kati ya watu wa nyuma mu filamu Sanders of the River. Nikajiona. Mwanafunzi mugeni anapata kazi pale ambapo hakuna mwingine: ao kwa sababu wengine hawaitaki, kama parkingi, ao kwa sababu wengine hawaiwezi. Ya kwanza inakungojea siku unayofika. Ya pili inakawia.

Mudogo wangu nimemueleza ya kwake. Ubelgiji nayo inahesabia saa 20 kwa juma wakati wa masomo kwa mwanafunzi anayetoka inje ya Ulaya, mu vakanse kunalegea kidogo, na hakuna kutumika bila karatasi ya kukaa. Mu Antwerpen na Brussels kuko nyumba nyingi za kusafisha. Kiswahili chake, Kifaransa na Kibemba cha bibi asiviache hapa.

Mama alirudilia ulizo lake siku ya Mungu iliyofuata. Nilimwambia: “Mama, mwaka wa kwanza usimungojee kitu.”

“Lakini wewe ulikuwa unatuma.”

“Mwaka gani nilituma mingi kupita yote, unakumbuka?”

Alikumbuka mbio, juu mwaka ule njo tuliweka mabati mapya. 2005. Nikamwambia ni mwaka ule ule nilianguka masomo mbili, na sikuwahi kuwaambia.

Aliangalia juu, kwenye mabati. Kisha akaita mudogo, akamuuliza kama blanketi moja itatosha kule, ao abebe mbili.