Hamu ya Kula: Vyakula na Mazoea Yanayoivuruga

Hamu ya kula ni msukumo wa kutaka chakula. Haifanani na njaa, ambayo ni hitaji la mwili: aliyeshiba wali huweza bado kutamani kashata. Hamu ikipungua sana mtu hukosa lishe; ikizidi hula kupita mahitaji yake. Pasipo ugonjwa, mara nyingi chanzo ni chakula chenyewe na mazoea ya kila siku.

Udhibiti

Hamu huratibiwa na haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo. Tumbo tupu hutoa homoni ya ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, ambayo huamsha njaa. Leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York, hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuituliza. Dalili za shibe huchelewa kidogo kufika kwenye ubongo, ndiyo maana anayekula harakaharaka hupakua tena kabla hajajua kwamba ameshiba.

Vyakula

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliolishwa kwa wiki mbili vyakula vilivyosindikwa mno, na kwa wiki mbili nyingine vyakula visivyosindikwa. Kila mmoja aliruhusiwa kula atakavyo. Kwa vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, tena kwa kasi kubwa zaidi.

Sukari ya kunywa, kama ya soda, hushibisha kidogo kuliko chakula cha kutafuna. Hata hivyo, mtoto aliyepewa soda na biskuti muda mfupi kabla ya mlo huweza kususa ugali na maharage. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, na upungufu wa madini hayo ukidumu huweza kuondoa hamu. Kunde, maharage na mboga za majani zina nyuzinyuzi, hivyo shibe yake hukaa.

Mazoea

Katika utafiti wa Chicago wa mwaka 2004, vijana 12 wa kiume walipolala saa 4 tu kwa usiku mbili, ghrelini ilipanda kwa asilimia 28 na leptini ikashuka kwa asilimia 18, ikilinganishwa na walipopewa saa 10 za kulala. Hamu ya vitu vitamu na vya wanga iliongezeka. Miraa (mirungi) ina kathinoni inayozima njaa, na mlaji wake huweza kupitisha mlo bila kuhisi. Nikotini ya sigara nayo hupunguza hamu, ambayo hurudi mvutaji anapoacha.

Marekebisho

Kula kwa saa maalumu, kutafuna taratibu, kulala vya kutosha na kuacha vitafunio vitamu karibu na mlo husaidia. Hamu ikipotea kwa wiki kadhaa au uzito ukipungua bila sababu, mgonjwa apelekwe kituo cha afya, kwani hizo ni miongoni mwa dalili za kifua kikuu na maradhi ya ini.