Timu ya kartiye hufa njia ikifungwa



Ukimuuliza mtu historia ya mpira Burundi, atakutajia Vital'O, na hakosei. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika. Ikatoka sare 1-1 na Africa Sports, halafu kule Abidjan ikapigwa 4-0. Mwaka 2013 ikaleta Kombe la Kagame. Hayo yameandikwa, hayapotei. Mimi leo nataka kuongelea mpira ambao hakuna aliyeuandika: ule wa Ngagara, wa timu za kartiye, zisizo na ofisi wala kabati la vikombe.

Tuanze na mtaa wenyewe. Ngagara ilijengwa na Wabelgiji miaka ya 1950, mji ukiwa bado unaitwa Usumbura. Ofisi iliyojenga iliitwa OCAF kwa kifupi, ndiyo maana wazee wanasema "OCAF" wakimaanisha Ngagara. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na kartiye zikapewa namba. Ukimuuliza mtoto anatoka wapi anakujibu kwa namba, na timu nayo unaijua kwa namba hiyohiyo.

Timu ya kartiye inahitaji nini? Mpira mmoja, mkubwa mmoja anayejifanya kocha, na jezi ambazo labda zinafanana, labda hazifanani. Watoto wanaanza na mpira wa ibirere, yale majani makavu ya mgomba yanayofungwa kwa kamba. Wakikua wanachanga, wananunua wa kweli. Lakini kuna kitu kinachohitajika kuliko mpira, nacho ni mpinzani. Na mpinzani anakaa mtaa mwingine: Kamenge, Cibitoke, Kinama, Buyenzi. Ili ucheze naye, lazima uweze kwenda kwao kwa miguu na kurudi jioni ukiwa mzima.

Mjomba wangu alikuwa beki. Anasema Jumapili walikuwa wanavuka kwenda Kamenge, wanafungwa, wanapewa Fanta, wanarudi wakigombana njia nzima juu ya kipa. Hakuna aliyeuliza nani ni kabila gani. Siyo kwamba hawakujua, walijua. Ila siku ya mechi swali lilikuwa moja tu: anajua kukaba au hajui?

Mwaka 1993 nchi ilikuwa na mpira kichwani. Intamba mu Rugamba ilikosa kwenda Kombe la Afrika kwa penalti tu, mbele ya Guinea. Miezi michache baadaye, tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye akauawa, na mauaji yakaenea nchi nzima. Bujumbura ikaanza kukatwa vipandevipande. Ngagara wakabaki Watutsi, Kamenge na Kinama wakabaki Wahutu. Machi 1995 watu wakafukuzwa Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa imechanganyika na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila mtu. Katikati ya mwaka huohuo jeshi likaingia Kamenge, wakazi wakakimbia.

Sasa fikiria timu ya mjomba. Uwanja ulikuwepo, mpira ulikuwepo, miguu ilikuwepo. Kilichokufa ni ile njia ya kwenda Kamenge. Na tuseme ukweli hata kama unauma: makundi ya silaha ya pande zote yalitafuta vijana wa umri uleule wa wachezaji. Mjomba anakumbuka wenzake kumi na mmoja kwa namba za jezi. Wanne hajui walipo mpaka leo.

Njia hiyo ilifunguliwaje tena? Kidogokidogo, na mpira ulisaidia. Kituo cha Vijana Kamenge, kilichoanzishwa mwaka 1991 na mapadri Wasaveriani, kilikuwa cha vijana wa mitaa ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere. Vita vikawakuta hapohapo, lakini hawakuacha kuwaita vijana wa pande zote waje kucheza, kusoma, na kujenga upya nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kikapewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Mimi naona ushindi huo siyo mdogo kuliko fainali ya Abidjan. Kijana wa Ngagara kuingia Kamenge na viatu vya mpira mkononi, miaka ile, ilitaka roho.

Halafu ikaja 2015. Ngagara ilikuwa kati ya mitaa ya maandamano, risasi zikarudi, na sisi wengine ndipo tulipoondoka. Wengi tuliacha jezi zikiwa zimeanikwa.

Kwa nini naandika haya? Mwezi uliopita hapa kambini tulikaa kupanga timu za mashindano, na mtu mmoja akasema ni rahisi zaidi kila mtu acheze na watu wake. Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilinyamaza, na bado naona aibu kwa kunyamaza kule. Maana tumeshajua inavyoanza. Inaanza na neno "rahisi".

Kwa hiyo leo nasema nilichopaswa kusema siku ile: tugawane kwa zoni, jirani na jirani, kama kartiye za Ngagara zilivyokuwa na namba tu. Anayejua kukaba akabe.

Na ombi la pili. Waulizeni wajomba na baba zenu majina ya timu zao na ya wachezaji wenzao, muyaandike kwenye daftari kabla hayajapotea. Timu ya kartiye haina kombe la kuonyesha. Ina majina tu.

Ya kwenu iliitwaje?