Karatasi mbili za labo, damu moja: kuelewa vipimo vya chuma vinavyopingana

Tuchukue mfano. Mama mwenye mimba ya miezi mitano anapima damu Kolwezi, karatasi inaandika hemoglobini 11,2. Wanamwambia iko sawa. Katika mwezi wa nane yuko Musumba kwa wazazi wake, kituo cha afya kinamtoboa kidole na kumwambia 9,4: damu iko chini, aanze vidonge vya fer. Nyumbani maneno yanaanza. "Labo ya kule ilidanganya." "Hapana, ni hawa wa huku banatafuta kuuza dawa." Na mara nyingi mama anaacha vidonge, juu karatasi ya mji mkubwa ilisema hakuna shida.

Lakini zile karatasi mbili hazigombani. Ukizisoma vizuri, zote mbili zinasema mama huyu anakosa damu. Ili kuona namna gani, tuanze na kile ambacho kila kipimo kinapima.

Hemoglobini ni ile kitu nyekundu ndani ya damu inayobeba hewa. Mwili unaitengeneza kwa chuma, ndiyo ile wanganga wanaita fer. Basi watu wengi wanafikiri kupima hemoglobini ni kupima chuma. Sivyo. Chuma cha akiba kinapimwa kwa kipimo kingine kinachoitwa feritini. Fikiri nyumba yako: hemoglobini ni bukari kwenye sahani, feritini ni unga uliobaki ndani ya mfuko. Mfuko unaweza kuwa karibu kuisha na sahani bado imejaa. Hapo hemoglobini itakuwa nzuri na feritini mbaya. Inawezekana pia mfuko umejaa na sahani ni tupu, juu mpishi ni mgonjwa: malaria inavunja damu, ao mtoto alizaliwa na ugonjwa wa drepanositozi, ao mwili unakosa vitamini nyingine. Hapo hemoglobini iko chini lakini chuma si shida ya kwanza.

Jambo hili kwetu ni kubwa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2013-2014, ule unaoitwa EDS, ulikuta karibu watoto 6 kwa 10 wenye umri wa miezi 6 mpaka 59 wanakosa damu. Watafiti waliopima akina mama na watoto wa Kivu Kusini na Kongo Central, wakatoa kazi yao mwaka 2016, waliona kwamba wanaokosa chuma ni wachache sana kuliko wanaokosa damu. Kwa hiyo kusema "damu kidogo, basi fer kidogo" ni kukisia tu, na kukisia huko kunaweza kumfanya mtu ameze vidonge miezi sita na ugonjwa wake uko mahali pengine.

Sasa turudi kwa mama yetu. Kolwezi iko juu, mita 1440 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili unajibu kwa kutengeneza hemoglobini zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba tuondoe kidogo kwenye hesabu kabla ya kulinganisha. Katika mwongozo wake wa 2024, mtu anayeishi kati ya mita 500 na 999 anaondolewa 0,4. Kati ya 1000 na 1499 anaondolewa 0,8. Kati ya 1500 na 1999 anaondolewa 1,1. Kalemie, kandokando ya ziwa, iko katika kundi la kwanza. Lubumbashi na Kolwezi ziko katika la pili. Butembo iko katika la tatu. Kapanga, kule Musumba iko, ni chini kuliko Kolwezi, haifiki mita 1000.

Fanya hesabu. Kolwezi: 11,2 toa 0,8, inabaki 10,4. Kwa mimba ya miezi mitano mpaka ni 10,5. Mama alikuwa tayari chini ya mpaka, kwa kidogo tu, na karatasi haikusema. Musumba: 9,4 toa 0,4, inabaki 9,0, na katika miezi mitatu ya mwisho mpaka ni 11. Hadithi ni moja: alianza kupungukiwa Kolwezi, na mtoto tumboni alivyokua, akiba ikaendelea kuisha.

Mipaka mingine ni hii: mama asiye na mimba 12, mwanaume 13, mimba ya miezi mitatu ya kwanza 11, mtoto wa miezi 6 mpaka 23 ni 10,5, na wa miaka miwili mpaka kutimiza mitano ni 11. Hesabu zote ni kwa g/dl. Kama karatasi inaandika 112 badala ya 11,2, usiogope, ni g/l, gawanya kwa kumi. Lakini usijiondolee mita mwenyewe kabla ya kuuliza kama labo imekwisha kuziondoa. Ukiondoa mara mbili utajitia ugonjwa usio nao.

Kuna pia namna ya kutoa damu. Damu ya mshipa wa mkono, ikipita katika mashine kubwa, ndiyo OMS inaitaka. Damu ya kidole inasaidia sana kwa vituo vya mbali, ila muuguzi akikamua kidole ili tone litoke haraka, maji ya nyama yanaingia ndani na hesabu inashuka. Vidole baridi, tone la kwanza lisilopanguswa, hayo yote yanasogeza namba. Vituo vingi bado vinatumia njia ya Sahli, ambapo mtu analinganisha rangi kwa macho. Macho mawili, mwangaza wa asubuhi na wa saa kumi na moja ya jioni, haviwezi kutoa namba moja. Tofauti ya nusu gramu kati ya labo mbili haina maana yoyote. Hata gramu nzima, kama moja ilitoka kidoleni na nyingine mkononi, si sababu ya kumwita mtu mwongo. Mtu aliyeharisha siku mbili damu yake inakuwa nzito, hemoglobini inaonekana nzuri. Akinywa maji ya kutosha inashuka. Na mwenye mimba, katikati ya mimba, maji ya damu yanaongezeka kuliko chembe nyekundu, hesabu inashuka hata kwa mama anayekula vizuri. Ndiyo sababu mpaka wa miezi ya katikati umewekwa chini kidogo.

Feritini nayo ina ujanja wake, na hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata wengine wenye blauzi nyeupe. Mwili ukiwa na homa, malaria, kidonda kikubwa ao kifua, unaficha chuma ndani ya ghala ili vijidudu visikipate. Feritini inapanda. Inapanda hata kama chuma cha kweli ni kidogo. Chukua msichana wa miaka 19, hana mimba, anachoka akipanda ngazi. Anapima wakati ana malaria, feritini ni 48. Karatasi inasema kawaida ni kuanzia 15, basi wanamwambia chuma kiko. Anarudi kisha wiki sita, amepona, feritini ni 11. Chuma hakikupotea katika wiki sita. Siku ile ya kwanza homa ndiyo iliyopandisha namba. OMS iliandika mwaka 2020: kwa mtu mzima asiye mgonjwa, chini ya 15 ni kukosa chuma, lakini akiwa na maambukizi, hata chini ya 70 inawezekana ni kukosa chuma. Kwa mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano ni 12, na 30 akiwa mgonjwa. Kwa hiyo feritini inayokuja peke yake, bila kipimo cha CRP kinachoonyesha kama mwili unapigana na ugonjwa, ni nusu ya habari. Feritini ya chini haidanganyi. Feritini ya juu ndiyo ya kuuliza maswali.

Kile kipimo kinachoandikwa "fer sérique" tungesema, kwa mawazo yetu, usilipie peke yake. Kinabadilika asubuhi na jioni, na ukimeza kidonge saa mbili mbele ya kupima kitapanda kama roketi.

Malaria inachanganya hemoglobini kwa njia nyingine pia. Mgonjwa anapimwa siku ya homa, ana 10. Anapewa dawa, homa inaisha, siku ya tano anapimwa tena, ana 8,8. Familia inasema dawa imemharibu. Mara nyingi ni chembe zilizoshambuliwa zinazoendelea kuvunjika hata kisha vijidudu kufa. Waliochomwa sindano za artesunate kwa malaria kali wanaweza kuona damu ikishuka tena kati ya wiki ya kwanza na ya nne. Dawa ile inaokoa maisha, isikataliwe. Ila mgonjwa arudi kupimwa hemoglobini, na mkojo ukigeuka mweusi kama Coca arudi siku ileile.

Kwa nini tunasumbuka hivi, si bora kumpa kila mtu fer tu? Jibu kubwa lilitoka Pemba, kisiwa cha Zanzibar (si pemba ile udongo mweupe banamama wanatafuna, ingawa nayo inazuia chuma kuingia mwilini). Huko watoto wa miezi 1 mpaka 35 walipewa fer na asidi foliki kila siku, bila kupimwa kwanza, katika mahali penye malaria nyingi. Agosti 2003 sehemu ile ya utafiti ilisimamishwa: waliopewa fer walikufa ao kulazwa hospitali asilimia 12 zaidi ya wengine. Kazi ilitolewa mwaka 2006. Lakini katika kundi dogo lililopimwa, watoto waliokosa chuma kweli hawakuonyesha hatari ile. Leo OMS haikatazi fer kwa watoto wa sehemu za malaria. Inasema iende pamoja na chandarua, kupima na kutibu malaria.

Kwa mama mwenye mimba habari ni nyingine, na tusichanganye. Utafiti wa magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta kwamba fer haikuongeza malaria kwa wajawazito, na watoto wao walizaliwa wakiwa na karibu gramu 150 zaidi. Basi vidonge vya CPN visiachwe juu ya karatasi moja nzuri.

Hapa Lualaba kuna sababu nyingine, na haisemwi sana. Mlango ambao chuma kinapitia tumboni ndio kobalti inapitia pia. Mwili ukikosa chuma unafungua mlango ule zaidi, na kobalti inaingia zaidi. Watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2018 kwamba watu wa kartie Kasulo, Kolwezi, na zaidi watoto, wana kobalti nyingi katika mkojo na damu. Na kobalti kwa dozi kubwa inasukuma mwili kutengeneza chembe nyekundu. Miaka ya 1950 wanganga waliitumia kama dawa ya damu, wakaiacha juu iliumiza tezi ya shingo na moyo. Anayeosha ao kusaga mawe aseme kazi yake kwa munganga. Hiyo nayo ni sehemu ya kipimo.

Kama una karatasi mbili zinazopingana, usitupe hata moja. Andika juu ya kila moja tarehe, mji, kidole ao mkono, homa ao hapana, mimba ya miezi mingapi, na kama ulikuwa unameza fer. Ukiweza, rudia labo ileile, asubuhi, wiki nne mpaka sita kisha kupona malaria. Pesa ikiwa kidogo, hemogramu ya kawaida inaonyesha pia VGM, ukubwa wa chembe. Ikiwa chini ya 80 kwa mtu mzima, chuma kinashukiwa kwanza, ingawa kuna watu waliozaliwa na chembe ndogo. Mtoto ambaye damu inashuka kila mara, macho ya manjano, mifupa inauma, aulizwe drepanositozi. Kipimo cha Emmel hakitoshi kwa hilo: hakitenganishi anayebeba tu na mgonjwa. Omba elektroforezi.

Ukianza fer na sababu ni chuma kweli, hemoglobini inapanda karibu gramu moja kwa mwezi. Isipopanda, kuna sababu nyingine, ao vidonge vinamezwa na chai. Chai na kahawa zingoje saa moja ao mbili. Kinyesi cheusi ni kawaida. Ikipanda, endelea miezi mitatu, ili mfuko ujae na si sahani tu. Sombe na lengalenga zina chuma, ila mwili unakichukua kidogo. Ndagala ao nyama pembeni inasaidia, na ndimu ao pera kisha chakula, juu vitamini C ya sombe inakufa katika masaa ya kuchemka.

Kuna hali ambazo hazingojei karatasi ya pili. Mtoto mweupe viganjani anayepumua mbio, anayelegea ao kukataa ziwa; mjamzito anayekosa pumzi akiwa amekaa; yeyote mwenye hemoglobini chini ya 7. Hao wapelekwe hospitali usiku uleule, na karatasi zote mkononi.